Darasa Lililopanda Mto

Ngazija haina mto hata mmoja. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini mawe meusi ya volkano huyanywa maji kabla hayajafika popote, na watu huishi kwa maji ya mvua wanayokinga kwenye mabirika, au ya visima vya pwani vyenye chumvichumvi. Nilifundisha sayansi katika shule moja ya Moroni kwa miaka kadhaa, na kila nilipofika kwenye somo la mito nilichora mstari wa chaki kutoka mlimani hadi baharini, wanafunzi wakaunakili bila kuuliza kitu. Kwao ilikuwa kama habari ya theluji.

Mimi kwa asili ni mtu wa Nzuani, kisiwa jirani, ingawa sikuwahi kuishi huko. Wazazi wangu walikuwa Wanzuani waliohamia Majunga, kule Madagaska, na huko ndiko nilikozaliwa. Mwaka 1977, baada ya watu wetu kuuawa, tulirudishwa Komoro pamoja na wengine wengi. Tulishushwa Moroni na tukabaki Moroni. Baba alifia hapo. Mama aliweka meza ya vitambaa sokoni akanisomesha. Nje nilisema Kingazija kama wenzangu, lakini ndani ya nyumba mama hakutaka kusikia lugha nyingine ila Kinzuani, wala hakuacha kujitanda shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa kwao.

Mwaka 1997 nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi Nzuani kwa meli, wauone mto kwa macho yao na wajue unavyotunzwa. Alikubali, tena kwa furaha. Likizo haijaisha, Nzuani ikatangaza kujitenga. Serikali ikapeleka askari, askari wakashindwa, na majeneza yakarudi Moroni. Safari yetu hakuna aliyeitaja tena.

Badala yake niliwapeleka Ntsoudjini, hapo karibu tu, kuona birika la kale la msikiti. Tuliopoa majani makavu, nikawaonyesha viluwiluwi vya mbu kwenye glasi, tukatengeneza kifuniko cha mbao. Walifurahi kwa sababu hawakuwa darasani. Tulipokuwa tumekaa kivulini tukila mikate, mvulana mmoja mrefu, mpole, aliniuliza, "Madamu, kwenu mna mito, mna karafuu, mna bandari nzuri. Kwa nini mnataka kututoka?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini lile neno "kwenu" liliniingia mwilini. Nilimwambia ale, tunachelewa.

Mwaka 1999 mazungumzo ya kutafuta mapatano yalivunjika, wajumbe wa Nzuani wakakataa kutia saini, na watu wa Moroni wakaingia barabarani. Vijana walisimamisha teksi wakiwataka abiria watamke maneno fulani. Aliyeyatamka Kinzuani alishushwa. Meza ya mama ilivunjwa sokoni. Jirani yetu, mwanamke tuliyepikiana naye futari miaka yote, alikuja kumwomba mama avae buibui, aifiche shiromani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nikiivua hii, watanijua kwa mdomo. Na mdomo nauvuaje?"

Kesho yake vijana walifika mlangoni. Mmoja wao alikuwa yule mvulana mrefu wa Ntsoudjini, sasa ameota ndevu. Hakunitazama usoni. Alisema, "Madamu, ni bora muondoke leo. Wanaokuja baada yetu hawakujui." Kisha akabeba begi la mama hadi bandarini, kwa adabu, akaliweka chini taratibu kama mtu anayesindikiza wageni. Nimewahi kuwaza kwamba angenipiga ningemwelewa upesi zaidi.

Basi hivyo ndivyo nilivyofika Mutsamudu, mji wa wazee wangu kule Nzuani, nikiwa mtu mzima, bila kuujua uchochoro hata mmoja. Mjomba, kaka yake mama, alitupa chumba cha juu katika nyumba ya mawe ndani ya mji wa kale, chini ya ngome, pale ambapo vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane ukutani. Niliposema, watoto walicheka. Kinzuani changu kilikuwa cha Majunga, cha kizee, na juu yake kimepakwa Kingazija. Moroni nilikuwa Mnzuani. Hapa waliniita Mngazija.

Siku ya kwanza niliuliza mto uko wapi. Mjomba alishangaa. "Si huo unaounusa," alisema.

Nilishuka kuutazama. Maji yalikuwa kamba nyembamba ya kijivu ikijipenyeza kati ya taka: makopo, nepi, betri za redio, matumbo ya samaki, gurudumu la gari, kitanda cha chuma. Mbuzi walisimama juu ya taka kama wako mlimani. Mwanamke mmoja alitoka na ndoo ya maganda ya muhogo, akaimwaga, akanisalimu vizuri na kurudi ndani. Miaka yote nilikuwa nimeuchora kwa chaki ya buluu.

Nilipewa darasa. Mishahara haikuwapo, kwa hiyo mwalimu aliyekuja alishukuriwa na asiyekuja hakuulizwa. Kisiwa kilikuwa na serikali yake ambayo hakuna nchi iliyoitambua, na vijana wenye bunduki wa makundi mbalimbali, na baadaye kikawekewa vikwazo: meli za mchele hazikuja, petroli ikaadimika, mafuta ya taa yakawa kama manukato. Kila nyumba ilirudi kwenye kuni. Asubuhi ungeona watu wakishuka mlimani na mizigo kichwani, msururu mrefu, na jioni vilevile.

Halafu mifereji ya mji ikaanza kukauka. Maji yalikuja siku moja, yakapotea nyingine, na watu wakaanza kuchota mtoni, juu kidogo ya taka, wakijiambia kwamba kule ni safi. Mama aliyachemsha kila kuni zilipokuwapo. Zisipokuwapo aliyachuja kwa kitambaa. Aliumwa tumbo siku chache tu. Katika zahanati walikuwa na kitanda na muuguzi mwema, lakini dripu hapakuwa. Muuguzi alinionyesha kabati tupu ili nisidhani ananinyima. Mama alizikwa katika ardhi ya kwao, jambo ambalo watu waliokuja kuhani walilitaja mara nyingi kama baraka, na mimi niliitikia kila mara.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia nataka kulipeleka darasa langu juu ya mto, hadi kwenye chemchemi. Alikuwa mtu mnene aliyekonda haraka, shati limemlegea shingoni.

"Wakati huu?" aliuliza. "Watoto hawajala, wewe unataka kuwaonyesha maji?"

"Nataka waone yanakotoka."

"Wakishaona?"

"Wakishaona watajua. Wakijua hawatayatupia taka."

Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda. "Nenda, mwanangu," alisema. "Angalau watatembea."

Niliamini nilichomwambia. Nalisema hili kwa sababu sasa ni vigumu kulikumbuka. Niliamini kwamba watu wanaharibu kwa kutoona, na kwamba kazi yangu ni kuonyesha. Mjomba alinitafutia miche ya mifenesi na mitondoo kwa rafiki yake aliyekuwa bwana shamba zamani, kila mche ndani ya kopo. Wanafunzi walikuja na majembe, magunia na mapanga. Tulikwenda kwa miguu, maana gari gani lingetupeleka.

Palipoishia nyumba, vijana watatu wenye bunduki walitusimamisha. Walikuwa wamefunga kamba barabarani. Mkubwa wao hakuwapita sana umri wanafunzi wangu.

"Mnakwenda wapi na mapanga?" aliniuliza.

Nilianza kueleza, na neno la pili tu akainua kichwa. "Huyu si wa hapa," aliwaambia wenzake. "Sema tena."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesimama tena Moroni. Ndipo msichana mmoja alipotoka kwenye mstari akasimama mbele yangu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa dawati la mbele, binti wa mkulima wa juu, mkimya, ambaye kila asubuhi alishuka mlimani na viatu mkononi ili visiishe, akavivaa mlangoni mwa shule.

"Ni mwalimu wetu," alisema. "Mama yake amezikwa hapa juzijuzi. Tunakwenda kwetu, kupanda miti. Baba yangu unamjua, anakuuzieni makaa."

Kijana alitazama makopo yetu ya miche. Alichukua moja, akalinusa kama anayetafuta kitu kilichofichwa, akarudisha. Akashusha kamba.

Kuanzia hapo msichana ndiye aliyetangulia. Tulifuata mto. Tulipita kwa wanawake waliokuwa wakifua, povu la sabuni likitelemka mjini, nami nikasimamisha darasa na kuanza kusema juu ya sabuni na samaki. Mwanamke mmoja alinyoosha mgongo. "Sawa, mwalimu," alisema. "Tufulie wapi?" Alisubiri jibu, mikono ikichuruzika. Wanafunzi nao walinitazama. Nilisema kwamba serikali inapaswa kujenga mahali pa kufulia, na mwanamke akauliza, serikali ipi. Wenzake walicheka, na yeye pia, kisha wakainama tena.

Juu zaidi palikuwa na mtambo wa kukeneka mafuta ya manukato ya maua ya langilangi. Pipa la shaba lilikuwa likichemka juu ya moto, na harufu tamu ya maua ilijaa bondeni kote. Pembeni mwa mtambo kuni zilipangwa zikawa ukuta mrefu kunizidi. Wanafunzi walipenda harufu. Mimi nilizitazama zile kuni. Nyingine zilikuwa mbichi, bado zinatoa utomvu.

Baada ya hapo miti iliisha. Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia, "Sasa tunaingia msituni," kwa sababu hivyo ndivyo kitabu kilivyosema: chanzo cha mto kimo msituni. Mbele yetu ulikuwa mteremko mtupu, mwekundu, wenye visiki na matuta ya muhogo hadi karibu na kilele. Jua lilitupiga moja kwa moja. Mto ulikuwa umebaki mchirizi.

Chemchemi ilikuwa chini ya jiwe kubwa, na kando yake miti michache iliyosalia. Niliwataka wanyamaze wasikilize. Walinyamaza kweli. Maji yalitoka chini ya jiwe polepole, safi kabisa, kwa sauti ndogo ambayo ungeipoteza mtu akikohoa. Mvulana mmoja alipiga magoti akatia mkono, akauliza, "Ni haya tu, Madamu?"

"Ni haya tu."

"Mji wote?"

Baba wa msichana alitoka kwenye muhogo wake, jembe begani. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu nyingi. Alinipa pole ya mama. Nilimweleza tulichokusudia, kupanda miti kuizunguka chemchemi, na kwamba mizizi ndiyo inayoyashika maji. Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Najua, Madamu," alisema. "Babu yangu alikuwa ameweka marufuku hapa. Hakuna aliyekata hata fito. Maji yalikuwa yanafika kiunoni pale chini." Akatazama matuta yake. "Pandeni. Ni kazi njema."

Alichimba pamoja nasi. Alituchotea maji ya kumwagilia kwa kibuyu, akamwonyesha kila mtoto namna ya kushindilia udongo bila kuuumiza mche. Tulipomaliza, mkewe alituletea muhogo wa kuchemsha, nasi tuliula wote bila kuuliza wao watakula nini. Wanafunzi waliteremka wakiimba. Msichana alibaki kwao. Nilipogeuka nilimwona amesimama kati ya miche, ametandaza mikono kama anayewazuia kuku.

Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho niliyorudi nyumbani nikiwa na njaa nzuri.

Kiangazi kilikuwa kirefu mwaka ule na vikwazo vikakaza. Mchele ulipoonekana uligombaniwa. Msichana alianza kukosa shule, kwanza siku moja moja, kisha juma zima. Niliuliza wenzake. Waliangalia chini. Mmoja akasema, "Anasaidia shambani, Madamu," na sauti yake ilinifanya nipande mwenyewe kwenda kuona.

Pale kwenye chemchemi hapakuwa na miche. Hata miti michache iliyokuwapo ilikuwa imekatwa, visiki vyake bado vyeupe. Matuta mapya ya muhogo yalikuwa yamefika hadi kwenye jiwe lenyewe. Chini ya jiwe udongo ulikuwa na unyevu, basi. Niliweka kiganja. Kililowa kidogo.

Msichana alinikuta hapo. Alikuwa na ndoo mbili tupu. Alikuwa anakwenda bonde la pili kuchota, mwendo mrefu.

"Baba yuko mjini anauza makaa," alisema, kabla sijauliza. Kisha akasema, "Miche niliing'oa mimi. Alishindwa kuing'oa mwenyewe. Aliniambia, fanya wewe, mimi nitalima baadaye."

Nilikifuta kiganja changu kwenye nguo.

"Sikuitupa," alisema. "Njoo uone."

Alinipeleka nyuma ya nyumba yao. Kwenye kivuli cha ukuta wa bati alikuwa ameipanga yote, kila mche amefunga mizizi yake kwa gome la mgomba pamoja na udongo wake. Alikuwa akiimwagilia kutoka kwenye maji ya kupikia, alisema, kidogo kidogo, mama yake asijue. Alitaka kuirudisha mvua ikianza, mahali pengine, juu zaidi, ambapo baba hajafika. Ilikuwa imekauka yote. Vijiti. Alijua. Alikuwa anajua tangu siku nyingi, nadhani, kwa sababu hakushtuka nilipogusa mmoja ukakatika mkononi mwangu. Tulikaa pale tumechutama, mimi na yeye, mbele ya ile safu ya vijiti.

"Kitabu kinasema mtondoo una nguvu," alisema.

"Unahitaji maji," nilisema.

"Ndiyo."

Nilimwomba arudi shuleni. Alisema atarudi, kwa heshima, kama unavyomwambia mgeni karibu tena. Nilimngoja baba yake hadi alipofika, uso mweusi kwa masizi. Aliponiona alisimama mbali.

"Nina watoto sita, Madamu," alisema. "Nikiwa na mchele sikati kitu. Nani anapenda kupika makaa?"

Nilikuwa nimebeba maneno makali kutoka kwenye chemchemi hadi pale. Nilikuwa na mama aliyekufa kwa maji machafu, na huyu alikuwa ameyakausha yale safi. Niliitazama miguu yake, nyufa zake, nikakuta maneno hayana pa kukaa. Nilimuaga nikateremka.

Mvua zilipokuja zilikuja zote kwa pamoja. Mteremko ule mtupu ulishuka. Mto uligeuka uji mwekundu, ukachukua taka zote za mjini na kuzipeleka baharini, na watu walisimama darajani wakisema alhamdulillahi, mto umejisafisha. Baada ya juma taka zilikuwa pale pale. Bahari mbele ya mji ilibaki nyekundu kwa muda mrefu, na muhogo wa yule mkulima, nilisikia, uliondoka na udongo.

Msichana hakurudi. Walimpeleka Mayotte kwa shangazi yake, katika mashua ndogo ya injini, kama walivyokuwa wakienda wengi, kwa kificho, maana kisiwa kile ni cha Wafaransa na karatasi hazipatikani. Kama alifika sijui. Nilikutana na baba yake sokoni miezi mingi baadaye, nikamuuliza. "Bado hatujasikia," alisema, akipanga makaa yake mafungu mafungu, na hakuacha kuyapanga mpaka nilipoondoka.

Visiwa vilipatana baadaye. Bendera mpya, mikutano, meli za mchele. Nilibaki Mutsamudu. Mkuu wa shule aliniuliza kama nitawapeleka watoto juu ya mto tena, safari hii labda litapatikana gari. Nilimwambia hapana. Hakuuliza sababu.

Mwisho wa mwaka nilitunga mtihani. Swali moja lilikuwa juu ya mito, namna ya kuihifadhi. Nilisahihisha nikiwa dirishani, mto uko chini yangu. Wote walijibu vizuri: tusikate miti penye chemchemi, tusitupe taka, tusifulie mtoni, tupande miti mipya. Waliandika kwa mwandiko safi, kama nilivyowafundisha. Hakuna aliyekosa. Niliwapa alama zote, darasa zima, nikafunga dirisha kwa sababu ya harufu.